Karatasi Niliyompelekea Bwana Kihara

Mwanangu Kamau,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mwalimu wangu, wala Mungu kwa sauti. Karatasi iliyomfukuzisha Njoki kwenye meza za kahawa niliiandika mimi. Niliiandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu bora, nikampelekea Bwana Kihara mimi mwenyewe nikiwa nimevaa gauni langu la Jumapili. Na kazi unayokwenda kuianza kesho kule Ruiru, kazi ya nyapara mkuu uliyoifurahia hivi, imetoka katika karatasi hiyo hiyo.

Usiudhike kwamba nakuita mwanangu. Wewe ndiwe uliyeanza. Mimi ni binti yako wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo mimi ni Wangari, na tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni umeniita Maitu, mama. Nikimwaga maziwa unasema, "Mwacheni, huyo ndiye aliyenizaa." Ukirudi kutoka mezani unaniuliza, "Maitu, mtoto wako ameshinda njaa, umemwekea nini?" Watu hucheka. Mimi kwa haya zangu sijawahi kukujibu katika mchezo huo hata siku moja. Leo najibu, maana kama binti siwezi kuandika haya. Binti wa miaka kumi na sita hamketishi baba yake na kumweleza habari za kazi. Mama anaweza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichofundishwa kusoma jeshini, na kwa sababu mama hakisomi. Mambo ya blanketi, ya unga na ya dawa ya kifua ameshakwambia mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo.

Leo mchana nilikutazama ukiwangoja watu. Mama alipika githeri ya mahindi na maharagwe sufuria kubwa, na uji wa kuchachuka ulijaa debe. Mtu wa laini zetu za wafanyakazi akihama, majirani huja kumnywea uji wake na kumtania ili asiondoke na moyo mzito. Ulitoa kiti nje, ukatoa na benchi, ukaazima benchi la pili. Akaja Githinji peke yake, mlinzi wa ghala, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo hasikii maneno ya watu. Alikunywa vibuyu vitatu.

"Watu wako wapi?" ukamwuliza.

"Watu gani?"

"Wanawake wa mezani. Wote nimewaambia."

"Mimi nalinda magunia, Kamau. Wanawake silindi."

Ukacheka, lakini nilikuona ukilitazama benchi lile la kuazima. Jioni ukamwuliza mama, "Kwani nimewakosea nini?" Mama aliendelea kukata sukuma wiki. Anajua sehemu. Wiki mbili zilizopita, bombani, mwanamke mmoja alimwambia mbele ya wote, "Huyo mume wako tulidhani akigeuka haoni. Kumbe kisogo chake kina macho." Mama alirudi na debe nusu. Hakukwambia kwa sababu hakuamini, na hakuniuliza mimi kwa sababu hakuwa na sababu ya kuniuliza.

Wanaamini ni wewe uliyemwambia Bwana habari za wimbo.

Nitaanza pale nilipoanzia mimi. Likizo iliyopita karani wa mezani aliugua, ukaenda ofisini kuniombea kazi yake kwa wiki nne. Nilipewa daftari, kalamu mbili na kigoda chini ya kibanda cha mabati. Kazi yangu ilikuwa kuandika ni meza ipi imeanikwa saa ngapi na imechambuliwa saa ngapi. Nilikuwa nimeishi kwenye shamba hili tangu kuzaliwa na sikuwahi kukaa siku nzima kuwatazama wanawake wakifanya kazi. Nilikuwa napita tu na kitabu.

Siku ya tatu ndipo nilipoona. Unajua yote haya kuliko mimi, lakini nataka ujue nilichoona. Kahawa ikitoka kuoshwa humwagwa juu ya meza zile ndefu za waya na magunia, na kila mwanamke hupewa meza yake aondoe buni mbovu kabla jua halijawa kali. Njoki alikuwa na meza ya saba. Njoki haoni. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Buni nyeusi na buni njema kwake ni moja. Lakini asubuhi ikiisha meza ya saba ilikuwa safi kama nyingine, na daftari langu lilikuwa linasema hivyo kila siku.

Njoki ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Alianza taratibu, wengine wakamwitikia, na kila walipofika kwenye kiitikio wanawake wote kumi na wanne walipiga hatua moja kulia, wakahamia meza ya jirani bila kuinua macho. Wimbo ulikuwa mrefu. Ulipokwisha, kila meza ilikuwa imepitiwa na mikono ya watu wengi, na hakuna mtu duniani angeweza kusema meza hii ni kazi ya fulani na ile ni ya fulani. Mama Muthoni alikuwa akihama hata kabla ya kiitikio ikiwa meza ya saba imechelewa. Na Njoki naye hakuwa anakula bure. Alitembea kando ya meza akiingiza mkono kwenye kahawa, akinusa, akitafuna buni moja moja, akisema hii inataka kugeuzwa, ile funikeni. Mvua aliisikia kabla ya wenye macho.

Na wewe, kila kiitikio kilipokaribia, uligeuka ukautazama Kilimambogo. Ulisimama mikono nyuma, ukiutazama mlima kama mtu aliyeambiwa auhesabie miti. Wimbo ukiisha ukageuka tena na kusema, "Haya, akina mama, twende kazi," kwa sauti kali, nao wakaitika, "Ndiyo, nyapara," kwa sauti ya kukucheka.

Nilipenda jambo hilo kiasi cha kukosa usingizi. Sisemi uongo. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wa mbali wafanyao mambo mema, na hapa palikuwa na jambo jema kuliko yote hatua mia moja kutoka mlango wetu, na baba yangu yumo ndani yake.

Shuleni mwalimu wetu alikuwa ametupa kazi ya likizo: tuandike insha juu ya kazi ya watu wa kwetu, tutazame kwa macho yetu, tusinakili. Niliandika kurasa kumi na moja. Niliandika majina yote kumi na manne. Nilichora meza na mishale ya kuonyesha wanavyohama. Niliandika kwamba Njoki haoni na kwamba wenzake wanamfanyia meza yake, na kwamba nyapara wao anajua yote. Neno la mwisho la insha lilikuwa upendo. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Mimi nilitazama chini ya dawati, na uso ulikuwa unaniwaka kwa furaha. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba watu wa namna hii wanastahili kujulikana na wale wanaowasimamia.

Sasa angalia ujinga wa mtu aliyesoma. Nilisadiki. Bwana Kihara, mzungu wetu ambaye upara wake ndio uliompa jina hilo la Kikuyu, alikuwa ameniazima kitabu kimoja kutoka rafu yake, kuhusu namna ya kuongoza watu kazini. Kitabu kilieleza kwa kirefu kwamba mkubwa anapaswa kuwajua watu wake. Nikajumlisha mwalimu na kitabu. Nikasema, Bwana hawapendi hawa wanawake kwa sababu hawajui. Akiwajua atawapenda kama ninavyowapenda mimi. Jumamosi moja nikaomba ruhusa shuleni, nikaja nyumbani, nikaoga, nikapeleka insha yangu ofisini pamoja na kitabu chake.

Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenishika mkono. Nataka usome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu najua tabia yako, utatafuta mtu wa kumlaumu badala yangu.

Aliisoma nikiwa nimesimama. Alisoma polepole, akarudi ukurasa wa nyuma, akaweka kidole kwenye mchoro wa mishale. Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Wewe toto ya nyapara?"

"Ndiyo, bwana."

"Ambia baba yako mimi nasikia maneno yake. Yeye mtu ya akili. Yeye naogopa bibi wale, basi natuma wewe na karatasi. Mzuri sana."

Nilielewa. Hapo hapo nilielewa, Kamau. Nilielewa kwamba anadhani ni wewe uliyeniambia niandike, kwamba umewachongea wanawake kwa mkono wa mtoto. Ilikuwa inatakiwa niseme neno moja tu: hapana. Hata kwa Kiingereza, lugha ninayosifiwa. Nilisema, "Ndiyo, bwana. Asante, bwana." Nikatoka, nikapita kwenye mashina ya kahawa badala ya barabara ili nisikutane na mtu.

Jumatatu meza zilitiwa namba za rangi nyeupe na kila namba ikaandikiwa jina. Wimbo ulikatazwa. Mchana Njoki alikuwa ameitwa ofisini, na kabla ya jua kutua mlango wa nyumba yake ya laini ulikuwa umefungwa kwa kufuli la shamba. Unajua maana ya kuondolewa kazini nyakati hizi: pasi yako, ile askari wanayoidai njiani, haisemi tena kwamba una mahali pa kukaa. Aliondoka na wajukuu wawili na mkeka, akashikwa mkono mpaka barabarani. Mimi nilikuwa shuleni. Nilisikia Ijumaa. Nilikula chakula changu chote siku hiyo, na ninakuambia hilo kwa sababu nimejaribu kukumbuka kwamba nilishindwa kula, na si kweli.

Nilingoja kahawa iharibike. Nililala nikiiombea ichachuke mezani, iingie ukungu, inyeshewe usiku bila mtu wa kusema funikeni, ili Bwana aone alichofanya. Haikuharibika. Ilitoka vizuri. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba meza sasa zinaisha nusu saa mapema, ukaniambia bila furaha, ukitazama mikono yako. Kwa hiyo siwezi kukupa hadithi ile ya kwamba wema hulipa na ubaya huharibu kazi. Pengine hulipa. Hapa haukulipa. Njoki angepaswa kubaki mezani hata kama hiyo nusu saa ingepotea kila siku mpaka mwisho wa dunia, na mimi niliyekuwa na ufasaha wote ule sikuandika sentensi hiyo popote katika kurasa kumi na moja. Niliandika jinsi wanavyofanya. Sikuandika kwamba waachwe.

Halafu Bwana akakuita. Ulirudi ukiwa umevua kofia, na mama akadhani umefukuzwa. Ukasema, "Wamenipa Ruiru. Shamba lile kubwa la karibu na reli, watu mia mbili. Bwana amesema mimi najua watu." Ulilirudia neno hilo wakati wa chakula, ukalirudia kwa Githinji kwa sauti kubwa ili asikie. Miaka kumi na miwili umesimama pale mezani na hakuna mkubwa aliyewahi kukuambia neno jema, na la kwanza uliloambiwa lilikuwa la uongo, na aliyelipika ni mimi. Mara tatu nilifungua kinywa. Ukaniuliza, "Unasemaje, Maitu?" Nikasema, "Ni vizuri."

Nilikuwa nafikiri nitalinyamazia jambo hili maisha yangu yote. Kilichonibadilisha si wema. Ni kwamba nimetambua unakwenda Ruiru ukiwa hujui jina unalotanguliwa nalo. Wanawake wa hapa wana dada zao kule. Habari zina miguu. Utafika, utasimama mbele ya watu mia mbili, utageuza kisogo kama ulivyozoea ili wasaidiane, nao watadhani unawategea. Nyakati hizi mtu anayedhaniwa ni jicho la Bwana halali vizuri, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Na kule Bwana mpya atakuwa ameandikiwa kwamba amepata mtu wa kumletea habari. Atakuwa anazingoja. Siku ya kwanza usipompelekea, atajiuliza una nini.

Ulinihadithia habari za Wangari wa kwanza, yule ambaye mimi ni yeye. Alikuwa anaita ngwatio, watu wa nyumba kumi wanalimiana mashamba kwa zamu, na ulisema hakuruhusu jembe la kwanza lishuke mpaka yule mwenye mguu mbaya awe amefika kutoka ng'ambo ya mto Chania. Watu walinung'unika jua likipanda. Naye aliwaambia, "Pumzikeni, ama mnakimbilia wapi?" Nilizoea kuipenda hadithi hiyo. Sasa inaniumiza. Ulimpa jina la mwanamke huyo mtoto ambaye, akiwa hapo, angeandika kwamba mwenye mguu mbaya huchelewa, kila siku, kwa dakika kadha wa kadha, na angeandika kwa upendo.

Hilo ndilo nililojifunza, na limemgharimu mtu mwingine, si mimi. Nilikuwa na ari. Ari yangu ilikuwa ya kweli, ilinifanya niamke mapema na niandike mpaka kidole kikaota sugu. Lakini ilikuwa ari ya kuwatazama watu. Nilipenda kuona, nikadhani nawapenda walioonekana. Kama ningewapenda ningewauliza. Ilikuwa rahisi namna ile: kutoka kwenye kigoda changu, kumwendea Njoki, na kusema, nimeona mnavyofanya, naomba niandike. Njoki angenijibu kabla sijamaliza. Angesema, "Mtoto, wataka tufe?" Sikumwuliza kwa sababu nina haya, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini haya haikunizuia kwenda ofisini.

Wewe hukuandika kitu. Uligeuka tu. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni kazi ndogo, kugeuka. Sasa nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizonazo nyapara, kujua kitu na kutokitumia. Ila nakuambia pia, kwa kuwa leo mimi ni mama: kugeuka hakukutosha. Kwa miaka yote ile Njoki alikaa pale kwa ruhusa ya kisogo chako, na kisogo hakiwezi kumtetea mtu. Siku alipoitwa ofisini ulisimama mezani. Mama aliniambia ulivunja kijiti mikononi vipande vipande. Hukwenda. Bwana angekusikiliza siku ile kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu alidhani wewe ni mtu wake, ila hukujua, kwa sababu mimi sikukuambia. Sijui tugawane vipi kosa hilo. Chukua unaloweza kubeba, mengine ni yangu.

Bado kuna moja. Mwezi uliopita sikwenda kwa shangazi kama nilivyoaga. Nilikwenda Gatuanyaga, kwa kaka yake Njoki, ambako anaishi sasa. Nilibeba kibaba cha unga. Kule ni kukavu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta ameketi uani peke yake na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua kwa vidole, anatupa mawe kando. Anaweza kuchambua maharagwe, jiwe halifanani na haragwe mkononi. Nilisimama kwenye ua. Akainua uso.

"Ni nani huyo?"

Sikujibu.

"Nakusikia unahema. Karibu, ni nani?"

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua kama mwizi, nikauacha ua, nikatembea mpaka Thika na unga wangu kichwani. Mama aliutumia unga huo. Sehemu yake umekula.

Kwa hiyo usinisikilize kama mtu aliyekwisha kuwa mwema. Nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyeanguka kwenye shimo na anakuonyesha liko wapi. Kule Ruiru watakupa daftari. Watu watakuwa na wimbo wao, au kitu kingine mahali pa wimbo, kila mahali pana kitu. Utakiona upesi kwa sababu una jicho la mambo hayo. Ukikiona, kaa nao kwanza. Kula nao. Waache wakuambie wenyewe au wasikuambie. Na siku mtu wao akiitwa ofisini, nenda naye, hata kama utasimama tu mlangoni na kofia mkononi. Hilo silitoi kwenye kitabu. Nalitoa kwenye kile kijiti ulichovunja.

Nami nimeamua jambo moja kuhusu vitabu vyangu, maana najua utafikiri nitaviacha. Sitaviacha. Nikipata nafasi nitasoma mpaka mwisho, na nitaandika kuhusu watu wanaofanya kazi, kwa sababu sijaona bado kitu ninachokipenda zaidi. Lakini sitaandika tena jina la mtu ambaye hajanikubalia, wala sitampa mwenye nguvu habari za asiye nayo na kuiita elimu. Insha ile mwalimu aliibandika ukutani darasani. Iko pale hata leo, na mishale yake.

Kama baada ya kusoma haya hutaki kwenda Ruiru, usiende. Kama unataka kwenda, nenda ukijua ulipewa kwa nini, umwambie Bwana wa kule mapema kwamba wewe si mtu wa kuleta habari. Huenda akakurudisha. Nitakuwa nimekunyima kazi uliyoipata kwa kosa langu. Nimefikiri sana na sioni njia ambayo utatoka katika hili bila kuumia.

Hapo juu nilimalizia jana. Sasa ni asubuhi, na kabla hujaisoma nataka ujue nilichofanya.

Nimeamka kabla yenu nikachukua mtungi nikaenda bombani. Walikuwepo saba au wanane, na Mama Muthoni alikuwa mbele kwenye foleni. Hawakunisalimu. Nikasema, "Si baba." Sauti yangu unaijua, hakuna aliyegeuka. Nikarudia kwa nguvu. "Aliyemwambia Bwana habari za wimbo si baba. Ni mimi. Niliandika karatasi nikampelekea."

"Umetumwa na mama yako?" akauliza Mama Muthoni.

"Hapana."

"Na baba yako?"

"Hajui. Hata sasa hajui."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Si niliwaambia. Nani mwingine alikuwa amekaa pale na kalamu kama kuku anayeatamia?" Mtu akacheka, akaacha.

"Na jina langu uliliandika?" akauliza Mama Muthoni.

"Ndiyo."

"Ukasema nini?"

"Kwamba wewe ndiye unayehama kwanza. Kwamba meza ya saba ikichelewa hungoji kiitikio."

Debe lake lilikuwa limejaa na maji yanamwagika kwenye miguu yake. Hakufunga bomba. "Hiyo ni kweli," akasema. Kisha akauliza, "Njoki ulimwambia?"

"Bado."

"Basi bado hujasema."

Nikamwambia nitakwenda Gatuanyaga Jumapili, na safari hii nitajibu nikiulizwa. Aliinua debe, akaliweka kichwani, na alipokuwa ameshanipita akasema bila kugeuka, "Mwambie baba yako lori la kumpeleka Ruiru likija asipite njia ya nyuma. Apite huku mezani, tumtanie."

Nikangoja zamu yangu, nikajaza mtungi, nikarudi. Sasa umeketi mlangoni unalifunga sanduku kwa kamba, na chai yako inapoa. Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii katikati ya mashati uisome ukiwa umeshafika. Sitafanya hivyo. Nakupa mkononi, na nitasimama hapa mbele yako mpaka uimalize.

Wangari